Pumzi ya Wadudu na Mahindi Yetu

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya pumzi ya wadudu. Huenda mtu akacheka, akasema, pumzi ya mdudu yatuhusu nini? Lakini aliyefungua ghala mwezi wa njaa akakuta unga mahali pa mahindi, huyo hatacheka.

Mdudu hana mapafu, wala havuti hewa kwa kinywa. Mkamateni panzi, mmtazame ubavuni: mtaona vitundu vidogo vimepangana, jozi 10, yaani 2 kifuani na 8 tumboni. Kila kitundu ni mlango wa mrija, nao mrija hugawanyika kama mizizi ya mti, ukazidi kuwa mwembamba hata ukafika katika kila nyama ya mwili. Oksijeni hupita humo, na hewa chafu hutoka. Damu yake haina kazi ya kuichukua oksijeni kama ilivyo damu yetu. Tumbo la panzi huonekana likivimba na kunywea, maana ndiyo mivuo yake. Tena vitundu hivyo aweza kuvifunga ili maji ya mwilini yasimkauke, na kwa sababu hiyo fukusi huishi hata katika punje kavu.

Basi hapo ndipo tulipokosea sisi wenyewe. Tulijaza pipa nusu, tukawasha mshumaa juu ya mahindi, tukafunika, tukaenda zetu tukiamini kwamba moto utamaliza hewa yote. Kumbe mshumaa huzimika oksijeni ingali nyingi, na ile nafasi tupu ni akiba ya kuwatosha wadudu siku nyingi. Tulipofungua, dumuzi walikuwa wamekwisha kula karibu yote.

Pipa sharti lijae hata juu, kifuniko kikazwe, na kila upenyo uzibwe kwa nta au grisi. Hapo wadudu huimaliza oksijeni kwa pumzi zao wenyewe, huacha kula, kisha hufa. Mtu asifungue kuchungulia katika mwezi wa kwanza, maana atawapa pumzi mpya.

Lakini mahindi yenye unyevu yasitiwe humo kabisa, yatavunda. Tieni punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise. Chumvi ikigandamana na kioo, yarudisheni mahindi juani.