Msamaha wa Kodi ya Nyumba



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya kodi ya nyumba, na hasa juu ya msamaha ambao sheria imewapa watu wengine. Nasema zaidi na ninyi wa Hamugembe, katika mji wa Bukoba, ambako wazee wengi wana nyumba lakini hawana mshahara.

Wazee wetu waliijua kodi ya nyumba na kichwa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1922. Mwenye wake wengi alilipia nyumba ya kila mke. Mzee au maskini aliweza kusamehewa, lakini uamuzi ulikuwa mkononi mwa afisa, si mkononi mwa mlipaji. Huko Upare kodi iliyopimwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu, iliyoitwa mbiru, ilileta ghasia kubwa. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya watu walikwenda Same kuikataa. Hawakukataa kodi zote. Walilalamika kwamba makadirio yale hayakuwa ya haki. Basi tujifunze hapa: kipimo cha kodi hapana budi kieleweke na yule anayepimwa.

Sasa tutazame kipimo cha siku zetu. Tangu mwaka 2021, kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Kwanza nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kila mwezi. Mwaka 2023 kiasi hicho kilipandishwa kuwa 18,000, yaani 1,500 kila mwezi. Nyumba ya vyumba viwili na nyumba ya vyumba vinane, zote zisizo za ghorofa, hulipa sawasawa.

Je, msamaha hupimwaje? Haupimwi kwa idadi ya watoto, wala kwa mavuno ya kahawa. Hutazamwa mambo mawili: mtu na nyumba. Mtu awe mwenye nyumba aliyetimiza miaka 60, au mwenye ulemavu asiye na kipato. Nyumba iwe moja tu, nayo iwe ya makazi yake.

Tuseme bibi mjane wa miaka 67 ana nyumba mbili Hamugembe. Moja analala yeye na wajukuu. Ya pili amepangisha. Kwa ile anayokaa, asilipe kitu. Msamaha wake ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Kwa ile ya kupangisha, kodi yaendelea. Tena, bibi akifariki na nyumba ikarithiwa na kijana wa miaka 35 aliye mzima, msamaha umekwisha, kwa maana ulikuwa wa bibi, haukuwa wa kuta.

Lakini sikilizeni vema. Mita haina macho. Haijui kama anayenunua umeme ni mzee au kijana; itakata tu mpaka mwenye haki ajulikane. Kwa hiyo mzee asikae akinung'unika barazani. Achukue kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa, namba ya mita, na barua ya serikali ya mtaa, aende kuuliza katika ofisi inayohusika na kodi hiyo. Asiyeweza kutembea amtume mwanawe. Nanyi wanafunzi mnaojua kusoma, wasomeeni babu na bibi zenu risiti ya umeme, mwone kilichokatwa.

Na mpangaji je? Kodi hii ni deni la mwenye nyumba. Ikikatwa katika umeme wako, tunza risiti, kisha mpatane kwa adabu ipunguzwe katika pango.

Shilingi 1,500 yaweza kuonekana ndogo. Kwa bibi anayeuza ndizi mkungu mmoja mmoja, si ndogo hata kidogo. Sheria imekwisha kumpa. Haki isiyodaiwa hubaki katika karatasi.