Bushi za Springi: Somo Nililochelewa Kulielewa

(Hotuba fupi iliyotolewa na mwanachama wetu mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Wenzangu waliotangulia wamezungumzia uongozi na uchumi. Mimi nitazungumzia bushi za gari, na jinsi zilivyonifanya nimwite mtu mwizi bure.

Nina pikapu kuukuu, Toyota Hilux, ambayo nyuma hubebwa na springi za mabapa. Kila springi imefungwa kwenye chesesi kwa ncha mbili, na katika kila ncha mna bushi za raba zinazozuia chuma kisigonge chuma. Zikiisha, utasikia "ko, ko" kila upitapo shimo, na gari litayumba nyuma ushikapo breki. Siku moja niliteremka mlima Kitonga na mzigo wa mahindi, gari likiyumba hivyo. Nilipofika chini niliapa kubadilisha.

Nikanunua bushi mpya za raba, nikazifunga mwenyewe nyumbani. Miezi minne haikupita, za mbele zikachanika. Nikarudi dukani, nikamwambia mwenye duka mbele ya wateja kwamba yeye ni mwizi, anauza vitu bandia. Yule bwana alininyamazia. Nikaenda kwingine kununua za poliyurethani. Hiyo ni aina ya plastiki, ngumu kuliko raba lakini hunyumbuka, ambayo asili yake ni kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, legeza nati gari likiwa bado chini. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha inua nyuma kwa jeki na uegemeze chesesi juu ya stendi imara. Msiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki ya pili ibebe ekseli, ili springi isifyatuke utoapo bolti.

Bushi za ncha ya nyuma ni vipande viwili tu, hutoka kwa mkono. Ya ncha ya mbele ndiyo yenye kazi, kwa kuwa ina gamba la chuma lililoshindiliwa ndani ya tundu la springi. Kama maelezo ya bushi mpya yanataka gamba hilo litoke, toboa raba na kuiondoa, pitisha msumeno wa chuma ndani, ukate gamba kwa urefu bila kuikwaruza springi, kisha ligonge litoke. Usichome raba kwa moto; moshi wake ni sumu. Safisha tundu kwa msasa, paka gilisi ya silikoni iliyokuja na bushi, sukuma bushi mpya, kisha bomba lake la katikati.

Ndugu zangu, nilipokuwa nikikata ndipo nilipoona. Raba ilikuwa imechanika kwa mzunguko, kama nguo iliyokamuliwa mno. Bushi ile ya raba haizunguki. Imegandishwa kwenye chuma ndani na nje. Springi ikicheza, raba hujisokota na kurudi. Mimi nilikuwa nimekaza bolti magurudumu yakiwa yananing'inia. Gari liliposhuka, raba ikabaki imesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limesimama. Kila shimo likaizidishia. Bolti hiyo hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na uzito wake wote juu ya springi.

Bushi ya poliyurethani hufanya kazi kwa njia nyingine: bomba huzunguka ndani yake. Ndiyo maana inataka gilisi, na ikikauka hulia. Hudumu, wala haiogopi oili kama raba ya kawaida, lakini ni ngumu zaidi, hivyo hupitisha mtetemo mwingi. Tena haifai kila mahali: kiungo kinachopaswa kupinda pande nyingi huenda kikakwama. Ningalikaza vizuri, zile za raba zingalinitosha.

Jumatatu nilirudi dukani na bushi iliyochanika mkononi. Nilingoja wateja waingie, kwa maana tusi nililitoa mbele ya wateja. Nikasema kosa lilikuwa langu, nikamwomba radhi. Akaitazama ile raba, akasema, "Ndugu yangu, siku ile ningekueleza. Lakini hukuuliza, ulihukumu." Tangu hapo vipuri vyangu vyote nanunua kwake, na hunihudumia vizuri. Lakini bado hanitanii kama anavyowatania wengine.

Vijana, mambo ya kitu kunyumbuka na kusokotwa nilifundishwa katika shule hii hii, na katika mtihani nilifaulu. Nilipolala chini ya gari langu sikukumbuka kwamba ndiyo yale yale. Kwa hiyo kifaa kikikuharibikia, kabla hujamtafuta wa kumlaumu, kikate ukitazame ndani. Kisha jiulize wewe ulikifunga vipi.