Kisanduku cha Fyuzi Kiko Wapi?

Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha elimu ya watu wazima. Yamepigwa chapa hapa ili msomaji ayasome tena polepole, peke yake au pamoja na darasa lake.



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana. Ukikiweka kiganjani, hakipiti upana wa kidole gumba. Kitu hicho ni fyuzi ya gari. Najua baadhi yenu mtasema, "Mwalimu, mimi sina gari." Ngoja kwanza. Huna gari, lakini leo asubuhi umepanda daladala. Pengine mume wako ni dereva wa teksi, au mwanao ni konda. Na kama huna hata mmoja wa hao, basi huenda nyumba unayolala ina umeme, na kinga ya umeme wa nyumba na fyuzi ya gari ni ndugu wa tumbo moja.

Fyuzi ni nini? Ni kijiwaya chembamba kilichowekwa makusudi kiwe dhaifu kuliko waya mwingine wote ulio katika njia yake. Umeme ukizidi kipimo, kijiwaya hicho huyeyuka, njia hukatika, na waya mkubwa husalimika. Fyuzi ni kama mlinzi anayekubali kufa mlangoni ili wenye nyumba wapone. Kwa hiyo fyuzi ikiungua usiitukane. Imefanya kazi yake.

Basi sikilizeni yaliyonipata mimi mwenyewe.

Jioni moja nilikuwa natoka Mbagala kukagua madarasa, narudi nyumbani Kinondoni. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu, jua limekwisha zama. Pale Rangi Tatu kijana mmoja wa bodaboda akaja sambamba nami, akapiga kelele, "Kaka, nyuma huna taa!" Nikasimama kando ya Barabara ya Kilwa, naye akasimama. Nikashuka, nikatazama. Kweli, taa ndogo za nyuma zilikuwa zimezimika zote mbili, na taa ya namba pia. Nikamwomba yule kijana akanyage breki. Taa za breki zikawaka.

Hapo nikajua ni fyuzi. Taa mbili haziungui siku moja, saa moja. Zikizimika pamoja, shuku fyuzi kwanza kabla hujanunua balbu.

Ninyi wa Temeke mnaijua barabara ile. Malori ya mizigo hupita usiku na mchana. Dereva wa lori asipoona taa zako gizani, atakujua pale atakapokugonga. Kwa hiyo sikuthubutu kuendelea. Nikafungua boneti. Nikaona kisanduku cheusi, nikakifunua, nikasoma majina yote. La taa za nyuma halikuwamo. Nikatoa kitabu cha gari. Kitabu chote kimeandikwa Kijapani! Gari lilikuwa limetumika huko Japani miaka mingi kabla ya kupakiwa melini kuja Dar es Salaam, na kitabu kilikuja nalo.

Yule kijana akasema kiko kisanduku kingine, ndani. Tukakitafuta. Kilikuwa chini ya dashibodi, juu ya pedeli, nyuma ya kifuniko cha plastiki, mahali ambapo mtu akiketi hukaa magoti yake. Ili kukiona, ilinipasa nifungue mlango wa dereva, nipige magoti barabarani, niingize kichwa chini ya usukani na kugeuza uso juu kama mtu anayetazama uvungu wa kitanda. Tochi ya simu niliishika kwa meno. Sasa fikirini. Usukani wetu uko kulia, nasi twaendesha kushoto. Mlango wa dereva hufunguka upande wa magari yanayopita. Kichwa changu kilikuwa chini ya dashibodi, na miguu yangu ilikuwa nje, kwenye njia ya malori.

Nasema wazi, uchoraji wa namna hiyo ni mbaya. Kitu ambacho mwenye gari atakihitaji usiku, njiani, peke yake, hakiwekwi mahali panapotaka mtu awe mwembamba kama mjusi.

Sikuweza kuing'oa fyuzi. Vidole havikufika. Akaja fundi kijana kutoka banda la jirani. Akaingia chini kwa ustadi, akaing'oa kwa koleo, akanionyesha. Kijiwaya kilikuwa kimekatika. Nikamwuliza kama anayo mpya. Akasema, "Kaka, fyuzi sina, na maduka yamefungwa. Nakufungia waya, utafika." Akazungusha uzi wa shaba kwenye miguu miwili ya ile fyuzi iliyokufa, akairudisha mahali pake. Taa zikawaka. Nikamlipa, nikamshukuru.

Mimi, afisa elimu mwenye diploma ya chuo kikuu, nilijua kwamba jambo lile si sawa. Nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kukaa pale gizani. Tena nilijiambia kwamba kesho nitatia fyuzi halisi. Kesho ikafika, nikakikumbuka kile kisanduku na shingo yangu iliyokuwa bado inauma, nikasema kesho kutwa.

Siku ya tatu jioni nilikuwa Tandale, natikiswa na mashimo ya njia. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mara moshi ukatoka chini ya zulia, karibu na mlango. Nikazima gari, nikaruka nje. Mtu mmoja akaniazima spana namba 10, nikaikata betri, moshi ukaisha. Hapakuwa na mtoto katika kiti cha nyuma siku ile. Siku nyingine zote huwapo.

Fundi mwingine alipofunua zulia, tukauona ule waya. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa imeyeyuka kutoka mbele hadi karibu na nyuma. Na chanzo chake? Waya wa taa ya namba hupita kwenye bawaba ya mlango wa nyuma. Mlango ulipofunguliwa na kufungwa miaka na miaka, waya ulikunjwa mpaka ngozi ikapasuka. Gari likirukaruka, shaba ya ndani iligusa bati. Fyuzi ilikuwa imeliona jambo hilo tangu siku ya kwanza. Sisi tukaiziba mdomo.

Sasa nitawaambia jambo la kunichekesha na kuniudhi. Fundi huyo wa pili alipokifungua tena kile kisanduku cha chini ya boneti, alikigeuza kifuniko. Ndani yake zilikuwa zimebanwa fyuzi tatu mpya za akiba, moja ya kipimo kile kile kilichotakiwa. Zilikuwamo siku zote. Ile usiku wa Rangi Tatu nilikishika kifuniko hicho mkononi, nikasoma upande mmoja tu.

Mama mmoja wa darasa la Tandika aliposikia habari hii aliniuliza swali zuri. "Mwalimu, kwa nini wanakificha? Wana siri gani?" Hawana siri, mama. Zamani gari lilikuwa na vitu vichache vya umeme. Motakaa aina ya Morris Minor, ambayo wazee wetu waliijua, ilikuwa na fyuzi mbili tu zilizofanya kazi, chini ya boneti, ukutani, na mbili za akiba kando yake. Dereva alifungua boneti, akaona, akabadili. Gari la siku hizi lina vioo vinavyopandishwa kwa umeme, kiyoyozi, redio, mifuko ya hewa ya kuokoa watu, na kompyuta za kuongoza injini. Kwa hiyo fyuzi zimekuwa makumi, na zahitaji mahali pakavu, karibu na mafungu ya waya. Chini ya dashibodi ni pakavu. Tena mfanyakazi wa kiwandani hufunga kisanduku kabla usukani na viti havijawekwa. Yeye hasumbuki. Anayesumbuka ni wewe, baada ya miaka kumi na mitano.

Na yako magari mengine yaliyochorwa kwa nchi zenye usukani wa kushoto. Usukani ulipohamishwa kuja kulia, kisanduku cha fyuzi kiliachwa palepale. Ndiyo sababu katika baadhi ya magari ya Ulaya utakikuta upande wa abiria, nyuma ya kijikabati cha mbele, na huna budi kung'oa kijikabati chote. Ukinunua gari, ulizeni hilo pia. Watu huuliza mafuta na rangi tu.

Haya, tuje kwenye kusoma, maana ninyi ni wanafunzi wa kusoma. Kifuniko cha kisanduku kina maandishi. Katika magari mengi ya Japani maandishi hayo ni ya Kiingereza kilichokatwakatwa, lakini herufi ni zile zile mlizojifunza. Ziandikeni ubaoni. TAIL maana yake mkia, yaani taa ndogo za nyuma. STOP ni taa za breki. HORN ni honi. WIP au WIPER ni wipa. DOME ni taa ya ndani, ile ya darini. HEAD ni taa kubwa za mbele, na mara nyingi zimetengwa, HEAD LH kwa ya kushoto na HEAD RH kwa ya kulia, ili fyuzi moja ikiungua usibaki gizani kabisa. Mtu asiyejua kusoma hung'oa fyuzi zote moja moja mpaka apate, na akizichanganya, huleta ubovu mpya. Wewe usomaye neno TAIL, umekwisha pita hapo.

Kando ya jina iko tarakimu. Hiyo ni ampea, kipimo cha umeme unaopita. Fyuzi bapa za siku hizi zina rangi pia, na rangi hazibadiliki: kahawia ni 7.5, nyekundu ni 10, buluu ni 15, manjano ni 20, nyeupe inayopenya mwanga ni 25, na rangi ya majani ni 30. Fanyeni hesabu. Taa moja ya breki ya kawaida hula wati 21. Mbili ni 42. Umeme wa gari ni volti 12. Gawanya 42 kwa 12, utapata 3 na nusu. Basi fyuzi ya 10 yatosha na kubaki. Ikiungua, tafuta ubovu. Ukitia ya 30 ili isiungue tena, umefanya kama yule kijana na uzi wake wa shaba, au kama mtu atiaye karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Tofauti ni kwamba yako ina rangi nzuri.

Yule kijana simlaumu sana. Kama kisanduku kingekuwa mahali pa wazi, na fyuzi za akiba zikaonekana, asingezungusha waya. Wako vijana wanaosoma umeme wa magari katika chuo cha VETA pale Chang'ombe, nao wanajua haya vizuri kuliko mimi. Lakini wengi wa mafundi wetu wa kando ya barabara walijifunza kwa kutazama tu, na mteja aliye na haraka huwafundisha vibaya.

Kabla hamjaanza kupekua, sikilizeni. Zima gari, toa ufunguo. Waya uliovikwa manjano chini ya usukani mara nyingi ni wa mifuko ya hewa. Usiuguse. Katika gari litumialo mafuta pamoja na betri kubwa, waya mnene wa rangi ya machungwa una umeme wa kuua. Huo mwachie fundi aliyeusomea. Kung'oa fyuzi usitumie bisibisi. Ndani ya kisanduku mara nyingi kimo kibanio kidogo cha plastiki kilichowekwa kwa kazi hiyo.

Kazi ya juma hili ni hii. Mwenye gari, au mwenye jirani mwenye gari, aende mchana, gari likiwa limesimama uani, mbali na barabara. Akitafute kisanduku cha nje na cha ndani. Kama shingo haifiki, aingize simu na kupiga picha, kisha aisome picha hiyo akiwa amekaa kwenye mkeka. Anakili katika daftari jina, tarakimu na rangi ya kila fyuzi, na aandike kwa Kiswahili kila moja yalinda nini. Ukurasa huo aukate, aukunje, auweke katika kijikabati cha gari pamoja na fyuzi mbili za 10, mbili za 15 na tochi. Fyuzi moja bei yake haizidi ya soda. Na kifuniko, tafadhali, akigeuze pande zote mbili.

Wasio na gari wataandika mistari mitano juu ya swichi kubwa ya nyumba zao: iko wapi, na ni nani nyumbani ajuaye kuizima. Mwalimu wa darasa atasahihisha. Juma lijalo tutazungumza juu ya betri. Kwaherini.