Mbio Fupi za Kila Siku na Mbio Ndefu za Jumapili



Vijana wanaojiandaa kwa usaili wa polisi wameniuliza swali moja: je, pumzi hujengwa kwa mbio fupi za mara kwa mara, au kwa mbio ndefu za siku moja katika wiki? Kabla ya kujibu, sina budi kukiri jambo.

Mwaka jana, alfajiri moja nikiwa katika doria, nilimsimamisha kijana aliyekuwa akikimbia kando ya barabara iendayo mpakani. Nilimhoji kwa muda mrefu kana kwamba amebeba magendo, ilhali alikuwa na chupa ya maji tu. Tangu siku hiyo aliacha kukimbia alfajiri. Akawa anasubiri Jumapili, aende mbali na barabara, akimbie saa mbili mfululizo ili kufidia siku sita. Wiki ya nne goti lilivimba, na siku ya usaili alikuwa mtazamaji. Kosa la kwanza lilikuwa langu. La pili lilikuwa la mpango wake wa mazoezi, nalo ndilo linalotuleta kwenye swali letu.

Mtu akimbiapo mara kwa mara kwa mwendo wa wastani, moyo wake hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na misuli huzoea kuitumia oksijeni ipasavyo. Mabadiliko hayo huletwa na marudio. Bandu bandu huisha gogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Hivyo, hata mzee atembeaye kwa haraka dakika 30 kwa siku 5 ametimiza kiwango.

Hata hivyo, mbio ndefu nazo zina haki yake. Huuzoesha mwili kutumia mafuta kama nishati na huifunza akili kuvumilia. Wanariadha wa masafa marefu huziweka juu ya msingi wa mbio nyingi za wiki nzima. Hawazifanyi badala ya msingi huo. Joshua Cheptegei, ofisa wa polisi wa Uganda aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 2020 kwa dakika 26 na sekunde 11, anatoka Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mlima ambao Uganda na Kenya wanaumiliki pamoja.

Basi, vijana wangu, anzeni na dakika 20 hadi 30, siku 4 au 5 kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako. Siku moja ongezeni dakika chache, nanyi mwongeze kidogo kidogo kila wiki. Siku moja pumzikeni. Anayeumwa kifua au kuona kizunguzungu asimame, aende hospitali.

Barabarani, vaeni nguo za rangi nyeupe au inayong'aa, kimbieni mkiyatazama magari yanayowajia, na mchukue kitambulisho. Mbio zisiwapitishe njia za panya.

Kwa upande wetu, kuanzia Jumatatu, saa 12 asubuhi, askari wawili watakimbia pamoja nanyi kutoka uwanja wa shule. Kijana yule niliyemsimamisha nilikwenda kwao kumwomba radhi mbele ya wazazi wake. Goti limepona, naye amekubali kutuongoza. Mimi nitakuwa nyuma yake, kadiri pumzi yangu itakavyoruhusu.