Umoja Ukivunjwa, Amani Hutikisika



Mapatano ya Belfast ya mwaka 1998 yalikomesha mapigano yaliyoua watu zaidi ya 3,500. Mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini akapewa haki ya kuwa Mwairishi, Mwingereza, au vyote viwili. Mpaka nao ukabaki kwenye ramani tu, maana pande zote mbili zilikuwamo katika Umoja wa Ulaya.

Uingereza ilipojitoa mwaka 2020, ukaguzi wa bidhaa ulihitaji mahali. Ungewekwa nchi kavu, Wairishi wangetenganishwa na ndugu zao. Ulipowekwa bandarini, wanaojihesabu Waingereza walijiona wametupwa. Chama chao kikubwa kikasusia serikali ya pamoja tangu 2022 hadi 2024.

Basi, avunjaye umoja hana budi kwanza atazame ni amani ya nani iliyoegemea nguzo hiyo.