Mguu Uliolala



Vijana wanaopokea vyeti leo wameianza safari yao kwenye simuleta, wakirusha Cessna 172. Injini moja haina mafumbo. Ikizimika, rubani hushusha pua ya ndege, hushika mwendo wa noti 68 kwa toleo la 172S, kisha hutafuta mahali pa kutua.

Sasa wanahamia Beechcraft Baron 58, ndege ya injini mbili. Mzazi akiiona atashusha pumzi: moja ikifa, si ipo nyingine? Hesabu ya angani haiendi hivyo. Injini moja ikizimika, nusu ya nguvu hupotea, lakini katika ndege ndogo za aina hii uwezo wa kupanda hupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Sehemu kubwa ya nguvu iliyobaki huishia kuizuia ndege isishuke.

Tena, injini iliyo hai huisukuma pua kuelekea upande wa iliyokufa. Ndiyo maana kipimo cha mwendo kina mistari miwili: mwekundu, ambao chini yake usukani wa mkia hauwezi tena kuinyoosha ndege, na wa buluu, mwendo bora wa kupanda kwa injini moja.

Je, ipi imekufa? Mguu ndio unaojibu. Rubani hukanyaga pedali mpaka ndege inyooke. Mguu uliobaki bila kazi uko upande wa injini iliyozimika. Hata hivyo rubani haizimi papo hapo. Kwanza huurudisha nyuma taratibu mkono wa nguvu wa injini hiyo, na mlio usipobadilika, ndipo huendelea kuizima.

Subira hiyo ina uzito. Tarehe 4 Februari 2015, mjini Taipei, ndege ya ATR 72 ya shirika la TransAsia ilipoteza nguvu ya injini ya kulia mara tu baada ya kuruka. Rubani akaizima ya kushoto, iliyokuwa nzima. Walikufa watu 43 kati ya 58.

Ndani ya simuleta, kosa kama hilo hufutwa kwa kitufe na zoezi kurudiwa asubuhi nzima. Walimu watawazimia wahitimu hawa injini bila taarifa, mara kushoto, mara kulia, magurudumu yakiwa ndiyo kwanza yameacha ardhi. Wanastahili pongezi kwa walikofika, na viti vyao vya mazoezi vinawasubiri.