LUGHA YA TAIFA NA LUGHA RASMI: HESHIMA BILA KAZI



Katiba na sheria za nchi za Afrika zina maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa, hata na watumishi wa serikali: lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha ya taifa ni ile inayowatambulisha wananchi na kuwaunganisha. Lugha rasmi ni ile ambayo kwayo sheria hutungwa, hukumu huandikwa, barua za serikali hujibiwa na wanafunzi hutahiniwa. Ya kwanza hupewa heshima. Ya pili hupewa kazi. Katika tofauti hiyo ndimo inamokaa haki ya mwananchi.

Nchi nyingi zilipopata uhuru zilirithi lugha ya mtawala kama zilivyorithi mipaka aliyoichora. Nchini Senegal, Kiwolof husikika katika kila soko la Dakar, lakini lugha rasmi ni Kifaransa. Nchini Botswana, Kisetswana ni lugha ya taifa. Kiingereza ndicho rasmi. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inazitaja lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba, na juu yake imekiweka Kifaransa.

Wapo wanaosema kwamba lugha ya kigeni haimpendelei mtu, kwa kuwa si ya kabila lolote. Hoja hiyo si ya kubezwa, kwani nchi yenye lugha 200 yaweza kugawanyika kwa kuichagua moja. Hata hivyo, lugha hiyo humpendelea aliyesoma dhidi ya asiyesoma. Mkulima anayeipoteza ardhi yake kwa hukumu asiyoweza kuisoma hapati faraja kwa kuambiwa kwamba jirani yake naye haielewi.

Mabadiliko yanawezekana. Somalia ilianza kukiandika Kisomali rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, na mwaka 1974 wanafunzi na walimu wakapelekwa mashambani kuwafundisha wafugaji kusoma. Afrika Kusini, kwa Katiba ya mwaka 1996, ilitambua lugha rasmi 11, na mwaka 2023 ikaongeza lugha ya alama. Mwaka huo huo Katiba mpya ya Mali ilikiondolea Kifaransa cheo cha lugha rasmi na kukiacha kuwa lugha ya kazi tu.

Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1963 ulitaja lugha za Kiafrika, ikiwezekana, kuwa lugha za kazi. Neno hilo, "ikiwezekana", lilichukua muda mrefu. Mwaka 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia wakuu wenzake kwa Kiswahili mjini Addis Ababa. Na ni mwaka 2022 tu ndipo Umoja wa Afrika ulipokikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi.

Tanzania nayo haiwezi kujivuna kupita kiasi. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka huo huo. Hata hivyo, sheria ya kukifanya kuwa lugha ya mahakama zote ilisubiri hadi mwaka 2021, na katika shule nyingi za sekondari masomo bado hufundishwa kwa Kiingereza.

Basi kazi iliyobaki haiko katika Katiba peke yake. Iko katika meza ya karani anayeandika tangazo, ya hakimu anayeandika hukumu, na ya mwalimu anayetafuta istilahi ya somo lake. Lugha hukua kwa kutumiwa. Ikinyimwa kazi kwa kisingizio kwamba haijakua, haitakua kamwe, na mwananchi ataendelea kuwa mgeni katika ofisi zinazoendeshwa kwa kodi yake.